Kwa Nini Qamara Hakuugua

Ukungu wa Juni ulikuwa umetanda Tlawi, na nyumba ya Kornelia ilijaa kikohozi. Mama mkwe wake, Rogathe, alikohoa. Watoto wawili walikohoa. Kornelia mwenyewe, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa na homa, na viungo vyote vilimuuma. Alimhofia mtoto aliye tumboni.

"Ni baridi hii," alisema Rogathe. "Kunywa hizi." Akampa vidonge vya rangi mbili vilivyobaki mwaka jana.

Kornelia alivipokea, ila hakuvinywa. Hakuwa mtu wa kukubali jambo bila kuliuliza. Jumapili mumewe, Qamara, alishinda kwenye manyunyu akimtafuta ng'ombe wao mtamba aliyepotea. Alirudi ameloa chapachapa. Mbona yeye ni mzima, na waliokuwa wakiota moto ndio wanaumwa?

Asubuhi hiyo alipita Fausta, mhudumu wa afya wa kijiji. Alimwamkia Rogathe shikamoo, akaketi. Kornelia akamuuliza swali lake.

"Swali zuri," alisema Fausta. "Jumapili nani alikuja hapa?"

"Shemeji Renatus, kutoka Mogitu. Alikuwa anapiga chafya kweli kweli."

"Mkakaa wapi?"

"Humu ndani. Tulifunga madirisha, tukapokezana kibuyu cha maziwa, si unajua mgeni akija."

"Basi ndiyo njia yenyewe. Mafua haya makali, influenza, huletwa na kirusi. Ni kidogo mno, jicho halikioni. Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, kinatoka na matone, aliye karibu anayavuta. Kinabaki pia mikononi na kwenye vyombo. Qamara hakuwepo."

"Kwa hiyo baridi haina kosa?" aliuliza Rogathe, shingo upande.

"Baridi inatufanya tujifungie pamoja, mama. Hapo kirusi kinatupata kwa urahisi. Na hizi rangi mbili ni dawa za bakteria, haziui kirusi. Nyingine zinaweza hata kumdhuru mtoto tumboni."

Rogathe alinyoosha mkono, akavichukua vidonge vyake.

"Kwa wazee, watoto wadogo na wajawazito, mafua haya yanaweza kushuka mapafuni," Fausta alimwambia Kornelia. "Twendeni zahanati leo, wewe na mama. Qamara abaki na watoto. Wapumzike, wanywe maji na uji. Mmoja akihema kwa shida, amlete mara moja."

Zahanati walitibiwa wote wawili. Nesi alisikiliza moyo wa mtoto tumboni, ukawa unadunda vizuri. Kornelia alilia kwa furaha. Baada ya siku chache homa iliisha.

Tangu hapo madirisha yalifunguliwa mchana. Kila mgeni alipewa kikombe chake, na mikono ilinawiwa kwa sabuni. Qamara alitamba kwamba daktari wake ni mtamba.

Kornelia alijifungua salama mtoto wa kike. Siku aliyomleta nyumbani, Rogathe, aliyemsubiri mjukuu huyo kuliko wote, alikuwa ameamka na chafya. Alisimama mbali uani, amejifunika mdomo kwa shuka.

"Mfunue nimwone," alisema.

Kornelia alimfunua. Rogathe alimtazama kwa muda mrefu, mikono ameificha nyuma.

"Mzuri," alisema. "Nitambeba nikipona."