Maneno Chini ya Video

Siku ya usajili chumba cha kompyuta cha chuo kilifurika hadi mlangoni. Katikati ya foleni alisimama binti wa ualimu, gauni la njano, viatu vyekundu, na mdomo ambao wenzake waliubatiza jina la Chiriku.

"Kaka, nikuite mara ngapi? Umenikanyaga!"

Kijana aliyesomea umeme, ambaye kila mtu alimwita Fundi, hakugeuka hata alipoitwa tena. Alipoguswa bega ndipo akageuka, akamkazia macho midomoni mpaka binti wa watu akaona haya.

"Samahani, mrembo. Rudia. Napenda unavyosema."

Jamani, nani asingelainika? Tangu utotoni Chiriku aliambiwa apunguze mdomo. Huyu alitaka aongeze!

Wakapendana. Chiriku alikuwa amejitolea kuandika maneno chini ya video za masomo kwenye tovuti ya chuo, kila neno la mwalimu. Kazi ya kuchosha, wala hakuna wa kukushukuru. Fundi tu ndiye aliyetuma ujumbe kila video mpya ilipopanda: "Asante, mpenzi. Leo nimeelewa."

"Mbona unakaa mbele kabisa darasani na bado huelewi?"

"Darasani nakuwaza wewe."

"Muongo mkubwa!" Chiriku alicheka hadi machozi.

Na kweli alikuwa muongo. Masikio yake yalikuwa yanakufa taratibu, na daktari alishamwambia hayatapona. Alificha kwa sababu aliogopa: binti anayependa kuongea vile angebaki na mtu asiyemsikia kwa lipi?

Kisha akaacha kupokea simu. Inaita hadi inakatika, halafu unakuja ujumbe: "Niko bize, niandikie." Mchana mmoja Chiriku alimkuta kwenye mgahawa wa chuo, msichana mwenye shati jeupe amemwinamia, mdomo umekaribia kabisa sikio. Hakuuliza. Alitoka nje akapiga simu, na safari hii Fundi aliipokea, akaibana kwenye sikio la kushoto lililobakiwa na uhai kidogo.

"Usinitafute tena! Umesikia? Usinitafute tena!"

Alisikia. Kwa kelele zile, angekosaje?

Kwa hasira Chiriku akaitupa na ile kazi ya kuandika. Video zikaendelea kupanda bila maneno. Wengine hawakuona tofauti. Fundi alimtazama mwalimu akichezesha midomo, mwalimu akageukia ubao, na somo likaishia hapo. Mitihani ilipokuja akaanguka vibaya, akaenda kuranda mbao kwenye karakana ya mjomba wake.

Yule mwenye shati jeupe ndiye aliyemsubiri Chiriku langoni.

"Wifi, mimi ni dada yake. Kaka hasikii. Maandishi yako ndiyo yalikuwa masikio yake. Kwa nini uliacha?"

Chiriku alikaa chini palepale, na gauni lake, kwenye vumbi.

Aliandika masomo yote aliyoyaacha, hakubakiza hata moja, ndipo akaenda karakana. Msumeno wa umeme ulikuwa unapiga mayowe. Mjomba alijiziba masikio kwa pamba, na Fundi, aliyesimama karibu zaidi, hakuwa na habari.

"Nisamehe, mpenzi," Chiriku alimwambia uso kwa uso. "Masomo yote nimeyaandika. Rudi chuoni."

"Nitarudi," alijibu kwa sauti ya juu mno, ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. "Na nilishakusamehe. Lakini sikio langu la mwisho lilizima wiki ileile tulipoachana, Chiriku. Sauti yako niliyobaki nayo ni ile ya simu. Kila nikikukumbuka, inasema nisikutafute."

"Ngoja nikupe nyingine!" Chiriku alimrukia shingoni, akaweka mdomo kwenye sikio la kushoto. "Nakupenda!" Akarudia kwa nguvu, akarudia huku analia, mpaka mjomba akazima msumeno, akatoka nje akijifuta macho.

Fundi alihisi pumzi tu. Akamshika mabega taratibu, akamsogeza mbele yake ili aione midomo.

"Rudia," alisema. "Napenda unavyosema."