Spika ya Amana

Spika haikuwa imechomekwa kwenye umeme, lakini ilinguruma.

Fundi wa redio aliisikia saa nne asubuhi, akipuliza chai yake. Akatazama plagi: imelala mezani. "Panya huyo," akajisemea, huku akijua panya hangurumi.

Jana yake mdogo wake, waliyemwita Radi kwa ajili ya gitaa lake la hevi metali, alikuja kumbembeleza.

"Kaka, muziki wetu umelelewa na makelele ya viwanda vya chuma. Wa zamani walikuwa wanapasua spika kwa wembe ili gitaa likwaruze. Nipasulie moja."

"Na kule kukoroma kwako kama fisi aliyepaliwa, nako kumetoka kiwandani?"

"Kunatoka tumboni, kaka. Wewe hangaika na redio zako."

Wakacheka. Spika kubwa dukani ilikuwa moja tu, ya msikitini, imeletwa kubadilishwa waya. Fundi alijua ni amana. Akaichana kwa wembe karatasi yake ya ndani mara tatu, hata bismillahi hakusema. Mungu atusamehe, nasi tumewahi kufanya mabaya zaidi kwa kuwafurahisha tuwapendao.

Radi akapiga. Gitaa likatoka zito, lenye kutu, meno yakamtetemeka fundi. Radi akanguruma juu yake. Alipotaka kuacha, hakuweza.

Tangu hapo hata maji aliyaomba kwa mngurumo, na pumzi yake ilinuka chuma kilichoungua. Leo, spika iliponguruma peke yake, fundi akamkimbilia msomaji wa ruqya, kisomo cha kufukuza majini, akamleta nyumbani.

Msomaji akasoma, Radi akajikunja mkekani, na kadiri aya zilivyopanda ndivyo mngurumo ulivyoshuka, ukapita kifuani, ukapita sakafuni, ukatikisa vikombe kabatini, mpaka mama yao akaziba masikio na kulia, na sauti isiyo ya mtu ikasema, "Mlango nilifunguliwa na kaka yake."

Mngurumo ukakatika.

"Mwanangu, sema neno," mama akanong'ona.

Radi akafumbua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Mlango gani huo?" msomaji akamuuliza fundi.

"Sijui, shehe."

Akarudi dukani, akaziba michano kwa gundi, akairudisha spika kabla ya adhuhuri. Aibu ilimzidi nguvu.

Muadhini akaiwasha ili akimu sala. Kabla hajafumbua kinywa, spika ikasema kwa sauti nyororo, ile ya Radi ya siku zote:

"Kaka, nipo humu. Nitoe."

Waumini wakatazamana. "Kaka wa nani?"

Fundi akainamisha kichwa, akanyoosha safu.