Mchochea Makaa wa Meli Iliyozama

Haya yalimpata rafiki yangu, msusi. Bibi yake mgonjwa alitaka kujua jambo moja tu: mumewe, mchochea makaa wa meli ya mizigo iliyozamishwa vitani, aliteseka kabla ya kufa? Msusi akapiga simu ofisi ya kumbukumbu za mabaharia.

"Mwambie bibi atulie, dada," karani alisema. "Kombora lilipiga palepale alipokuwa. Hakuhisi kitu."

"Asante, kaka."

"Ila huyo fundi wako anayegonga chuma, kama yuko ndani ya tangi, hachoki? Sikusikii vizuri."

Msusi akageuka. Wingu lilikuwa limetia giza chumbani. Bibi alikuwa amelala. Palikuwa kimya kabisa.

"Hapa hakuna fundi," alisema.

Karani alisikiliza kidogo.

"Yupo, dada. Sasa anagonga polepole."