Nyumba Aliyoiruka Candida

Kila alasiri, akitoka shule, Candida alimsaidia baba yake kufungasha sukari katika duka lao dogo la Kariakoo. Jumatano moja alikuja Mzee Anselmi, balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa akiacha kazi hiyo kwa uzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Uchaguzi wa balozi mpya si kesho tena. Tumeuhamishia Jumapili, maana siku za kazi mafundi wa karakana ya reli hawapati nafasi. Pita nyumba zote, uwaambie."

Candida akapita mbio mbio. Ilipobaki nyumba ya mwisho, upande wa Gerezani, walikopanga mafundi hao, alisikia wenzake wakicheza rede. Akageuza njia.

"Umewaambia wote?" baba aliuliza jioni.

"Wote, baba."

Tangu hapo hakutulia. Dukani alimwaga sukari. Kitandani aligeuka huku na huku. Alitaka kwenda kwa mafundi, akaogopa wangemuuliza alikuwa wapi.

Jumapili watu walijaa uani kwa Mzee Anselmi. Wengine walijipanga nyuma ya mgombea mmoja, Bi Kuruthumu, aliyeahidi kusimamia uzibuaji wa mtaro unaonuka, wengine nyuma ya mpinzani wake, Bwana Ignasi. Mistari ilikaribia kulingana.

"Mafundi hawakuja," jirani mmoja alinung'unika. "Tumewabadilishia siku bure. Wazembe tu hao! Tuhesabu, twende zetu."

Candida alishindwa kuvumilia. "Mzee, subirini! Hawajui. Sikufika kwao. Nilisema uongo."

Baba yake akainamisha uso.

"Basi kimbia," alisema Mzee Anselmi. "Tunawasubiri."

Kwa mafundi, Candida alimkuta Fundi Severine akifua nguo. "Uchaguzi? Si mlichagua Alhamisi?"

"Bado, fundi. Kosa ni langu. Twendeni!"

Walikuja wote, Severine na povu mikononi. Wengi wao walisimama nyuma ya Bi Kuruthumu, naye akashinda.

Watu walipotawanyika, Mzee Anselmi alimwita Candida mbele ya baba yake.

"Siku tuliihamisha kwa ajili ya watu hawa. Ulipowaruka, uliwanyima sauti yao. Ulipodanganya, ukawafanya waitwe wazembe. Ukitumwa, fika. Ukishindwa, sema mapema, kabla wengine hawajaumia. Leo umechelewa kusema, lakini umesema mbele ya watu, na hilo si jambo dogo."

"Nenda ukawaombe radhi," baba aliongeza. "Nitakusindikiza."