Shamba Lililongoja Novembre

Wamama na wapapa wa mtaa wetu, na ninyi vijana mnaotembea macho yakiwa ndani ya simu, nipisheni kidogo nikae katikati yenu. Nataka kuwaeleza jambo lililofika katika nyumba moja hapa Mbunya, mjini Bunia. Wenyewe wamenipa ruhusa. Prudence alicheka akasema, "Eleza tu, lakini useme kwamba bwana yangu haiko mujinga." Basi nimesema: Rodrigue si mjinga. Angekuwa mjinga, nisingejisumbua kuwasimulia.

Ilikuwa mwanzo wa août, mwezi wa nane, jua limeanza kupoa. Prudence alikuwa ameketi uani na mama mkwe wake, mama Monique, wanachagua maharage juu ya ungo. Séphora, mtoto wa Prudence, alikuwa amelala mgongoni mwa mama Monique, mdomo wazi. Mvua ya jana ilikuwa imelainisha udongo, na hewa ilinukia vizuri.

Maharage yale hayakuwa ya kununua sokoni. Siku mama Monique alipokimbia vita kule Djugu, miaka minne iliyopita, alibeba fundo moja la kitenge, na ndani ya fundo makopo mawili ya mbegu: maharage mekundu yenye mistari myeupe, mbegu ya mama yake na ya mama wa mama yake. Hapa mjini alizipanda nyuma ya nyumba, mahali padogo ambapo hata mbuzi hawezi kugeuka. Alivuna, akatunza, akapanda tena. Watu waliona njaa katika nyumba ile, lakini mbegu hazikuguswa. Mwaka huu zilikuwa zimejaa ndoo mbili.

Na mwaka huu Mungu akafungua mlango wa pili. Muzee Antoine, kiongozi wa shirika lao la kanisa, aliwapa shamba kando ya mto Shari.

"Limeni," aliwaambia. "Lakini hadi sikukuu ya Noël tu. Mwezi wa kwanza, janvier, kijana yangu anaanza kujenga pale."

Kwa hiyo, tangu wakimbie, ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kuwa na mbegu na udongo kwa wakati mmoja. Prudence alikuwa akigeuza ungo na kuimba polepole. Msimu mmoja tu ukienda vizuri, watakula, na ndoo zitajaa tena. Ukiharibika, mbegu ya nyumba imekwisha, na shamba limekwenda.

"Kule kwetu," mama Monique alisema, "quinze août, tarehe kumi na tano, sikukuu ya Bikira Maria, kila nyumba ilikuwa imeshapanda. Hata mutu mwenye uvivu alikuwa anapandaka mustari moja asubuhi, mbele ya misa, asipate haya."

Hapo ndipo Rodrigue alipoingia na simu yake mkononi.

Rodrigue ni fundi wa kujenga. Simu ile ya kisasa alikuwa ameipata mwezi uliopita, na tangu siku hiyo nyumba ilikuwa na mwalimu. Prudence mwenyewe alifurahi mwanzoni. Uliza dawa ya chawa wa kuku, simu inajibu. Uliza namna ya kuchanganya rangi ya ukuta, inajibu. Lakini polepole Rodrigue aliacha kuuliza watu. Alikuwa anaandika maneno mawili matatu, anasoma mistari miwili ya juu, anafunga, anatangaza kama mtu wa radio.

"Mama," alisema, "wacheni haraka. Nimeuliza simu wakati ya kupanda maharage hapa Congo. Inasema tungoje mwanzo ya mvua, katikati ya novembre."

Mama Monique aliangalia mbingu, akaangalia udongo uliolowa, akamwangalia mwanawe.

"Na hii ya jana ilikuwa nini? Mate ya malaika?"

"Mama, kule Djugu mulikuwa munalimaka kwa kukisia. Hii ni science."

Mama mkwe alirudi kwenye maharage yake. Ni mtu ambaye hapendi kugombana na mwanawe mbele ya mke wake. Prudence naye akageuza ungo wake. Alifika sixième primaire tu, darasa la sita, na Rodrigue alimaliza humanités, shule ya sekondari. Lakini macho hayana diplôme, na macho ya Prudence yalianza kuangalia.

Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa dogo. Siku moja alikuwa ameanika nguo, mawingu yakawa meusi upande wa milima. Rodrigue akafungua simu na kumwonyesha jua la njano. "Acha nguo, leo hakuna mvua." Kabla hajamaliza kunywa chai yake, mvua ilimwagika. Prudence alikimbia kutoa nguo, na aliporudi, simu ilikuwa ingali wazi juu ya kiti. Juu ya lile jua la njano paliandikwa: Kinshasa.

Alikunja nguo zilizolowa, neno lile likabaki kichwani mwake.

Quinze août ikapita. Août yote ikapita. Mashamba ya kando ya Shari yakawa ya kijani, maharage ya jirani yakatoa majani mawili, kisha manne. La Rodrigue lilikuwa nyasi tupu. Jeannine, jirani yao mwenye mdomo usio na mlango, alikuwa akipita na jembe begani na kupaza sauti:

"Papa Séphora! Shamba yako iko inangoja réseau ya simu?"

Wamama wakacheka hadi kushika viuno. Rodrigue akacheka pia, lakini shingo yake iligeuka ngumu. Ndugu zangu, mnalijua jambo hili. Mtu akichekwa, anashika kosa lake kwa mikono miwili.

Ndani ya nyumba, mama Monique alifunua ndoo akakuta unga mwembamba juu ya mbegu. Vidudu vilikuwa vimeanza kutoboa. Alizimwaga juani, akachagua moja moja, hakulalamika. Lakini siku hiyo hakula. Prudence alimwona akisukuma sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa Séphora.

Kisha, jumatano ya wiki ya pili ya septembre, muzee Antoine akafika mlangoni. Hakukaa.

"Rodrigue, mwanangu. Nina familia tatu zinaniombaka ile shamba, na watu ile hawana hata pa kupanda mboga ya lenga-lenga. Jumapili nikitoka misa nitapita pale. Nikikuta nyasi, nampa mwingine."

"Muzee, novembre nitapanda."

"Novembre?" Muzee alimtazama kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Na décembre jua ikipiga, utamwagilia na nini? Na machozi?"

Akaenda. Rodrigue alibaki amesimama, akanung'unika kwamba wazee hawapendi maendeleo.

Kesho yake Rodrigue alienda kazini na kuacha simu kwa mama Kavira, ili ichajiwe kama kila alhamisi. Mama Kavira ni muuzaji wa vitenge aliyetoka Butembo, mwenye panneau ya umeme wa jua juu ya duka lake. Saa sita Prudence alikwenda kuichukua. Hakuondoka. Alisimama akashika kitenge ambacho hakuwa anakinunua.

"Mama Kavira, weye unatafutaka vitu mingi ndani ya simu. Inadanganyaka?"

Mama Kavira alicheka. "Simu haidanganye, mama Séphora. Ila haikujui. Weye ukiuliza mama yako, 'Nipande lini?', anajua unaishi wapi, anajua udongo yako, anajua hata uvivu yako. Simu haijui weye ni nani. Usipoiambia, itakujibu kama mutu yeyote. Umeuliza nini?"

Prudence alieleza. Kavira alikaa kwenye kiti kidogo, akatoa simu yake mwenyewe, akaandika vilevile kama Rodrigue: haricots, yaani maharage, kupanda, Congo. Mistari miwili ikatokea juu. Novembre.

"Umeona? Bwana yako amesoma hapa na akafunga. Sasa tuingie ndani." Aligusa, ukurasa ukafunguka. Akashuka kwa kidole, chini, chini zaidi, hadi mahali ambapo maandishi yanakuwa madogo. "Soma."

Prudence alisoma polepole, silabi kwa silabi. Ilikuwa karatasi ya mafunzo kwa wakulima wa upande wa Lubumbashi, kusini kabisa ya nchi.

"Lubumbashi!" Kavira alipiga mkono kwenye paja. "Mudogo wangu ameolewa kule. Anasema mvua yao inaanza novembre, kweli kabisa. Mutu aliyeandika hajakosa. Congo ni kubwa, mama. Kutoka huku mpaka kule, ndege yenyewe inachoka."

Prudence alikumbuka lile jua la Kinshasa, na nguo zilizolowa. Akaelewa.

Wakaandika upya. Mara hii Kavira hakuandika Congo peke yake. Aliandika maharage, na msimu wa pili, na mwaka huu, na Ituri, jimbo letu, na Bunia. Jibu la kwanza lilikuwa la mtu anayeuza mbegu, anaahidi mavuno mara kumi. "Huyu anataka feza yetu," Kavira alisema, akaruka. La pili na la tatu yalisema août, lakini Kavira aliyasoma yote mawili akakunja uso.

"Angalia. Maneno ni ile ile, hata makosa ni ile ile. Mumoja ameiba kwa mwingine. Usihesabu watu wawili, huyu ni mutu moja mwenye kofia mbili."

La nne lilikuwa karatasi ya mafunzo ya wataalamu wa kilimo wa hapa hapa Ituri, na tarehe yake ilikuwa ya mwaka jana. Ilisema: kuanzia katikati ya août hadi katikati ya septembre. Chini kulikuwa na numero ya agronome, mtaalamu wa kilimo, aitwaye Fiacre. Kavira akapiga, akampa Prudence simu.

"Leo ni le onze, tarehe kumi na moja," sauti ilisema baada ya kumsikiliza. "Mama, musingoje tena hata wiki moja. Pandeni sasa, muanze upande wa bonde, udongo wa pale unashika maji. Kule juu mutavuna kidogo, lakini mutavuna."

Sasa, wamama, hapa ndipo nataka mumwangalie Prudence. Angeweza kurudi nyumbani na kupiga kelele. Angekuwa Jeannine, angelitangaza kosa lile hadi marché central, soko kuu. Prudence alirudi, akampa Rodrigue maji ya kuoga, akamwekea bugali. Alipokwisha kula, akamwambia:

"Papa Séphora, leo nilibaki kwa mama Kavira, tumeangalia mambo ya maharage ndani ya simu yake. Kuna page moja ya kifaransa, ni ile yako ya novembre. Mimi kifaransa inanichokesha. Nisomee weye, hadi chini kabisa."

Rodrigue alisoma kwa sauti ya radio. Akashuka, akashuka. Sauti ikapungua. Kwenye maandishi madogo ikakatika. Mama Monique aliacha kuchagua mbegu.

"Lubumbashi," Rodrigue alisema.

Prudence akamwonyesha ndani ya simu ile karatasi ya Ituri, akamweleza maneno ya Fiacre. Rodrigue alisoma mara mbili, akaenda kupiga magoti kidogo mbele ya ungo wa mama yake.

"Mama, uliniambia. Nilikataa."

Mama Monique alichukua punje moja, akaipuliza vumbi.

"Mwanangu, simu yako ni nzuri. Lakini siku ile tulikimbia Djugu, haikukimbia nami." Kisha akacheka, na Rodrigue akacheka, na Prudence akageuza uso kufuta macho. "Haya. Jembe iko wapi?"

Ijumaa Rodrigue aliomba ruhusa kazini. Walikwenda wote, na Séphora akalazwa kwenye kivuli cha migomba. Jumamosi Jeannine alifika na jembe lake na wamama wawili wa shirika.

"Nimesikia réseau imerudi!" alipaza sauti, na akalima kuliko wote.

Jumapili muzee Antoine alipita baada ya misa na viatu vyake vya kanisa. Alikuta mistari imenyooka kutoka bondeni hadi nusu ya mlima. Aliinama, akagusa udongo.

"Mmechelewa," alisema.

"Tumechelewa, muzee," Rodrigue alijibu. "Lakini tumefika."

Mvua ilikuwa ya kweli hadi mwisho wa novembre. Upande wa juu maharage yalikauka mapema, maganda membamba, kama Fiacre alivyosema. Upande wa bonde yalibeba hadi yakalala chini. Wiki moja kabla ya Noël walipura uani. Walijaza ndoo mbili za mbegu, na mfuko mmoja wa kula, na sahani kubwa ikaenda kwa Jeannine, nyingine kwa mama Kavira. Majirani waliopanda août walipata mifuko mitatu mitatu. Prudence aliona tofauti hiyo, Rodrigue pia.

Siku hizi Rodrigue bado ana simu yake, na bado anatafuta. Lakini anatafutia uani, mama Monique akiwa pembeni yake na miwani ya kuazima, asiyejua kusoma hata herufi moja, akielekeza kidole kwenye kioo.

"Umeandika Bunia?"

"Nimeandika, mama."

"Na mutu aliyeandika, kwao ni wapi?"

"Bado sijashuka, mama."

"Shuka!"

FUNDISHO

Ndugu zangu, simu si mbaya, na kutafuta ndani yake ni akili. Ubaya ni kuuliza nusu na kuamini yote. Ukitafuta, sema unaishi wapi na unataka ya wakati gani, maana jibu zuri la Lubumbashi linaweza kukausha shamba la Bunia. Usiishie kwenye mistari ya juu. Ingia, shuka hadi chini, uone nani ameandika, lini, na kama ana kitu cha kukuuzia. Tafuta na wa pili, asiwe amenakili wa kwanza. Kisha muulize mtu aliyekwisha kuifanya kazi ile kwa mikono yake, hata kama hakusoma, hata kama ni mama yako.

Na wewe unayeona mwenzako amekosea, mwambie kwa namna ambayo anaweza kugeuka bila kuvunjika shingo. Rodrigue angechekwa siku moja zaidi, labda angengoja novembre kweli.