Uzio wa Gereji ya Kessinger

Lorna Kessinger alijua wameibiwa tena kabla hajashuka kwenye gari. Mumewe, Dell, alikuwa amewasha lori la mteja ili alisogeze, na lori lilinguruma kama trekta bovu. Lori lililokatwa kichujio cha ekzosi hunguruma hivyo. Wezi hulala chini ya gari, hukikata kipande hicho kwa msumeno, kisha hukiuza kwa sababu ya madini yaliyomo.

"La nani hilo?" Lorna aliuliza.

"La mchungaji."

"Hata la mchungaji?"

"Hao si watu wa kuonekana kanisani, Lorna."

Gereji ilikuwa pembezoni mwa mji wa Carrow, Ohio, kati ya Barabara ya Mill na reli ya mizigo. Ilikuwa na uzio wa waya wa futi sita pande zote. Hicho ndicho kimo cha juu kabisa ambacho kanuni za mji ziliruhusu. Wezi waliuvuka kila walipotaka. Sasa kampuni ya bima ilikuwa imesema wazi: zuieni wizi, la sivyo mwakani hatuwakatii bima. Bila bima, hakuna mteja ambaye angeacha gari lake pale lilale. Gereji ingefungwa.

Dell hakungoja ruhusa ya mtu. Huko Carrow, mwanamume mwenye drili na shemeji huhesabu kwamba ana kampuni ya ujenzi. Jumamosi na Jumapili, Dell na shemeji yake walisimamisha uzio wa mabati wa futi nane. Walianza upande wa barabara, ili kila mpita njia auone.

Jumanne asubuhi mkaguzi wa mji alibandika karatasi nyekundu kwenye mabati yale. Ilisema: simamisha kazi. Bomoa, au omba idhini maalumu ya kupita kimo cha kanuni.

"Sisi ndio tunaibiwa," Lorna alisema, "na sisi ndio tunabandikwa karatasi nyekundu. Wezi wamebandikwa nini?"

Alikwenda ofisi ya mji. Karani alimpa fomu kupitia dirishani. Fomu iliuliza: Eleza ugumu unaokukabili.

"Mnataka ugumu wa namna gani?" Lorna aliuliza.

"Siwezi kukushauri, mama. Mimi si mwanasheria."

"Sijakuomba uwe mwanasheria. Nakuomba uniambie maana ya swali lenu."

"Swali limeandikwa hapo, mama."

Lorna aliijaza fomu palepale, kalamu ikitoboa karatasi. Aliandika juu ya wezi na juu ya polisi wanaofika wezi wamekwisha kwenda. Aliandika juu ya kodi wanayolipa na juu ya baba mkwe wake, aliyeijenga gereji kwa mikono yake. Yote yalikuwa kweli. Hakuikabidhi bado. Alitaka kwanza kujua ni nani aliyewashtaki kwa mkaguzi.

Dell alijua. "Ni Mwalimu Stoltz," alisema. "Aliniambia mwenyewe, pale posta. Hakuona hata haya."

Geneva Stoltz aliishi ng'ambo ya barabara. Alimfundisha Dell kemia shuleni, na baada ya kustaafu alikaa miaka mingi kwenye bodi ya mji inayosikiliza maombi ya idhini kama hizi. Lorna alivuka barabara na fomu yake mkononi.

"Mwalimu, nimekuja kukuuliza tulikukosea nini."

"Ingia. Kahawa iko motoni."

"Sitaki kahawa."

"Basi simama hapohapo mlangoni, uangalie njia ya gari langu. Nikitoka kinyumenyume, naona nini?"

Lorna aliangalia. Pale kwenye kona, mabati ya Dell yaliificha barabara yote.

"Basi la shule hutokea pale," Mwalimu alisema. "Jumatatu asubuhi nililiona likiwa limeshafika ubavuni kwangu. Ningemwambia Dell, lakini Dell hasikii. Hakusikia hata nilipomwambia asinuse amonia."

Lorna hakucheka. "Kwa hiyo tuache tuibiwe?"

"Nipe hiyo fomu." Mwalimu aliisoma hadi mwisho, akairudisha. "Ukiipeleka hivi, watakunyima. Na wakikunyima, watakuwa na haki."

"Haki? Mwalimu, mtu akiibiwa akasema ameibiwa..."

"Nani asiyeibiwa Carrow? Muuza matairi ameibiwa. Kanisa limeibiwa. Kama kuibiwa kunatosha, kila mtu apewe uzio wa futi nane, na kanuni ifutwe. Bodi haiulizi kama unastahili kuhurumiwa. Inauliza kiwanja chako kina nini ambacho viwanja vya wengine havina. Ugumu lazima utoke kwenye ardhi. Idhini ikitolewa, hubaki na kiwanja, hata mkiuza mkaondoka."

"Na kwa nini yule karani hakuniambia hivyo? Ni maneno machache tu."

"Hilo swali ni zuri," Mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali. "Nililiuliza miaka yote niliyokaa pale. Watu walikuja wakalia mbele yetu, tukawanyima, wakaenda zao bila kujua walijibu swali lisiloulizwa. Ni aibu. Haya, wezi wanapita wapi?"

"Nyuma. Kwenye reli."

"Na Dell amejenga wapi?"

"Mbele," Lorna alisema, akaikunja fomu yake.

Walikwenda nyuma ya gereji, Dell akawafuata. Reli ilipita juu ya tuta la udongo na kokoto, na tuta lile lilikuja hadi kwenye uzio. Dell alikuwa ameliona tangu utoto. Ndiyo maana alikuwa ameacha kuliona.

"Leta bomba jembamba na pimamaji," Mwalimu alisema.

Dell alilipenyeza bomba la chuma kwenye tundu la waya mpaka ncha yake ikagusa juu ya tuta. Akaweka pimamaji juu yake, akalisawazisha bomba. Lorna alipima kwa futi kamba kutoka ardhini hadi kwenye bomba.

"Futi nne," alisema.

"Mwizi anasimama kwenye usawa wa bomba," Mwalimu alisema. "Juu ya bomba umebaki uzio kiasi gani?"

"Futi mbili." Dell alijikuna shingo. "Anauruka kama kizingiti."

"Na hiyo nane yako ingempa futi nne. Angepumzika kidogo, kisha angeuruka. Mbele umezidisha, nyuma ungepunguza. Dell, ulipata alama gani kwangu?"

"Tusifike huko, Mwalimu."

Lorna alikuwa bado ameshika futi kamba. "Tukiomba futi kumi upande huu tu," alisema polepole, "mwizi atakutana na futi sita."

"Zile zile alizonazo kila mtu mjini. Andika hivyo. Usiombe hata inchi moja zaidi ya inayohitajika. Na yale mabati ya mbele yashushwe kabla ya kikao. Hasara uliyojitengenezea haihesabiwi kuwa ugumu."

"Nimeyanunua kwa pesa yangu," Dell alisema.

"Utayatumia nyuma."

Dell aliyashusha, akitukana skrubu moja moja. Lorna alijaza fomu mpya. Safari hii aliandika kwa ufupi, akaambatanisha picha ya bomba, pimamaji na futi kamba. Mji uliwatumia majirani barua za kuwaarifu.

Siku ya kikao, mwenyekiti wa bodi, Bwana Prather, aliitazama ile picha kwa muda. Mjumbe mmoja aliyekaa kando yake hakuitazama.

"Mama, kila mwenye biashara analalamikia wezi," alisema. "Umefikiria kufuga mbwa?"

Watu wachache walicheka. Damu ilimpanda Lorna kichwani. Maneno ya fomu ya kwanza yalimjia yote, kodi, polisi, baba mkwe, yakajipanga ulimini. Aliyameza.

"Sikuja kulalamikia wezi," alisema. "Nimekuja na habari ya tuta. Ukurasa wa pili, bwana, kama hujaufungua. Uzio wetu una futi sita kwetu na futi mbili kwa anayesimama upande wa pili. Hakuna kiwanja kingine cha biashara kwenye barabara yetu kinachopakana na tuta. Tunaomba futi kumi upande huo peke yake. Mbele tutabaki na sita, za waya, ili barabara ionekane."

"Kwa nini msiweke uzio juu ya tuta?" Bwana Prather aliuliza.

"Tuta si letu. Ni la kampuni ya reli."

Mjumbe wa mbwa alifungua ukurasa wa pili.

Ilipofika zamu ya majirani, Mwalimu Stoltz alisimama. "Mimi ndiye niliyeushtaki uzio wa kwanza," alisema, "na ungejengwa tena ningeushtaki tena. Huu sina neno nao." Akaketi.

Bodi ilipiga kura. Wote walikubali, kwa sharti kwamba upande wa barabara ubaki ulivyo.

Uzio wa nyuma ulisimama kabla ya theluji ya kwanza. Mwezi wa pili Dell alikuta michubuko ya viatu kwenye mabati, upande wa reli. Ilipanda kidogo, ikaishia hapo. Malori yote yaliwaka kwa sauti yake ya kawaida. Kampuni ya bima ilituma mtu, akapima, na bima ikaendelea.

Majira ya kuchipua, muuza matairi alileta gari lake huku akitukana ofisi ya mji. Alitaka kujenga banda karibu na mpaka, na yule karani alikuwa amempa fomu na kumwambia si mwanasheria.

"Nimewaandikia kurasa tatu," alisema. "Nimewaeleza hata maradhi ya mke wangu. Wakininyima, hawana utu."

Lorna aliweka chini kikombe chake.

"Shida ni yako au ni ya kiwanja?" aliuliza.

"Kuna tofauti gani?"

"Kubwa. Na ilikuwa kazi yao kukuambia." Alichukua futi kamba juu ya meza na funguo za gari. "Twende nikakione hicho kiwanja."