Ng'ombe Waliokwenda kwa Shemeji

Jumapili kengele ya kanisa ilipolia, Yotham akafungua zizi kimya kimya. Alishapiga hesabu zake. Kijiji kizima kitakuwa kanisani, nani atamwona?

"Baba Seth, kanisani huendi?" mkewe Ruthu akauliza.

"Mungu anaelewa. Serikali ndiyo haielewi."

Habari kaipata kwa dereva wa bodaboda: kila ng'ombe atalipiwa ushuru mpya. Nani kasema? Dereva hakujua. Yotham hakusubiri kujua. Mwaka juzi walichangishwa hela ya josho, lile shimo la saruji la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Josho mpaka leo lina nyufa na ni kavu, watoto wanachezea mpira humo. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Nikodemo, ukimuuliza anasema, "Linashughulikiwa." Sasa mtu kama huyo unamwachiaje ng'ombe wako?

Basi akawaswaga kwenda kwa shemeji yake Ernest, kaka wa Ruthu, kijiji cha pili, njia ya Mpwapwa. Alipokata kona ya korongoni akakuta vumbi. Kumbe kwaya nzima iko njiani! Sauti ya kwanza na ng'ombe wao, sauti ya pili na mbuzi wao. Mwinjilisti yuko mbele, Biblia kwapani, fimbo mkononi.

"Bwana asifiwe," Yotham akasema.

"Amina," mwinjilisti akajibu bila kumtazama. "Tunawapeleka malishoni."

"Na mimi. Malishoni."

Wote walikwenda malishoni, na wote walirudi mikono mitupu.

Mwanzoni Yotham alijiona mjanja. Halafu chai ikawa ya rangi kila siku. Shamba la mtama likakosa samadi. Siku ya mnada wanunuzi wa Dodoma walikuja na malori, wakakuta kuku wawili na mlevi mmoja. Supu ya Ruthu, anayouza mnadani na ambayo ndiyo inasomesha watoto, ikalala sufuriani.

"Mwezi ujao tukikuta hivi," wanunuzi wakasema, "hatuji tena. Mnada wenu utahamishwa."

"Ukihama nitamuuzia nani supu?" Ruthu akamgeukia mumewe. "Wewe?"

"Mimi nitanunua."

"Kwa hela ipi?"



Asubuhi moja Ernest akaja na baiskeli, dumu la maziwa limefungwa nyuma.

"Mbukwa, shemeji! Maziwa! Wewe nakupunguzia bei."

Yotham akanunua kikombe, akaonja. "Matamu. Ya ng'ombe gani?"

"Yule wako mwekundu, wa pembe moja."

Yotham akapaliwa, maziwa yakamtokea puani. "Unaniuzia maziwa ya ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe wako, majani yangu," Ernest akasema. "Na shamba langu mwaka huu limenona kwa samadi yao. Mungu akubariki sana."

Jenifa, afisa mifugo wa kata, alikuwa amekaa bandani kwa Ruthu anakunywa chai. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Unacheka nini, dokta?" Yotham akauliza.

"Mnachofanya na ng'ombe, wenye hela nyingi wanafanya na hela. Mtu kapata faida hapa hapa nchini. Anasikia fununu, anaogopa. Au haamini viongozi. Au anaona shilingi itashuka. Mwingine anakwepa kodi. Mwingine kaiba, anaficha. Wote wanabadili hela kuwa dola, wanazipeleka nje."

"Si zao?"

"Za halali ni zao. Lakini zikiondoka nyingi, benki za huku zinabaki na kidogo cha kukopesha. Kiwanda hakijengwi, kijana hapati kazi. Kodi inapungua, zahanati inakosa dawa. Dola zinaadimika, dizeli inapanda, nauli ya kwenda sokoni Majengo nayo inapanda. Mwisho nchi inakwenda kukopa nje. Pengine inakopeshwa hela zile zile zilizotoka kwake, na riba juu."

Yotham akalitazama dumu. "Yaani nchi inanunua maziwa ya ng'ombe wake."

"Hapo hapo."

"Basi wakamatwe!"

"Mwizi akamatwe. Mwenye hofu ukimkimbiza ataongeza mbio. Wewe nini kitakufanya urudishe ng'ombe?"

Yotham akafikiri. "Nijue hela ya josho iko wapi. Na huo ushuru, upo?"

"Ushuru mpya hakuna. Ni ule ule wa siku zote, ukiuza mnadani. Hakuna aliyekuja kuniuliza."

Kwenye mkutano wa kijiji Yotham akasimama. "Mwenyekiti, shikamoo. Hela ya josho iko wapi?"

"Ilinunua saruji."

"Saruji iko wapi?"

"Stoo kwangu."

Wakaenda wote kuangalia. Kweli mifuko ilikuwepo. Imeganda kama mawe, kuku wanatagia juu yake. Mzee hakuiba. Alizembea, halafu akaogopa kusema.

Ruthu naye akasimama. "Na ng'ombe wako, mwenyekiti? Mbona zizini kwako kuna mbigili tu?"

Mzee Nikodemo akakohoa. "Wako kwa mkwe wangu."

"Wanafanya nini?"

"Wako... malishoni."

Watu wakacheka mpaka mwinjilisti akakaa chini. Kisha wakakubaliana. Mwenyekiti anunue saruji nyingine kwa hela yake. Hela ya kijiji isomwe mbele ya watu kila mwezi. Na ng'ombe wa mwenyekiti warudi wa kwanza.

Siku ya mnada mzee Nikodemo alipita katikati ya kijiji mchana kweupe na ng'ombe wake, akina mama wanampigia vigelegele kama bwana harusi. Nyuma yake wakaja wengine. Yotham alikuwemo, ila kapungukiwa ndama mmoja. Ernest alimchukua huyo kama malipo ya malisho. Malori ya Dodoma yalikuwa yamepanga foleni.

Josho, hapo kando ya mnada, lilikuwa limezibwa nyufa na kujaa dawa. Ng'ombe wa kwanza akagoma. Mzee akamvuta, ng'ombe akamvuta mzee, wakatumbukia wote wawili. Jenifa akamtoa mzee mbio, akaagiza maji mengi na sabuni, maana dawa ile si ya mchezo.

"Msimwoshe haraka sana, dokta!" Ruthu akapiga kelele, huku anapakua supu ya mteja wa ishirini. "Na yeye alikuwa na kupe!"